Mwongozo wa Kuuamini Mfumo Mpya wa Mafaili Bila Kuupima

Umeshaupenda, tusidanganyane. Umesikia kuna mfumo mpya wa mafaili kwa watumiaji wa Linux: una kasi, unabana data, unahifadhi picha ya diski nzima kwa kufumba na kufumbua, na eti ukikuta kipande kimeoza unakirudisha wenyewe kutoka kwenye nakala. Aliyeutengeneza ameandika wazi kuwa bado ni wa majaribio. Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda, nawe si mtu wa kubishana na wahenga. Kinachokosekana ni ushahidi kwamba ni imara, uupate kabla ya chakula cha mchana, bila kununua diski ya pili na bila kuharibu chochote. Sogea karibu nikuelekeze.

1. Pima siku njema tu.

Mfumo wa mafaili una ahadi moja: ulichohifadhi jana utakikuta leo vilevile, hata kama kati ya jana na leo umeme ulikatika, diski iligoma au kerneli, moyo wa Linux, iliganda ikiwa katikati ya kuandika. Ukweli wa ahadi hiyo hujulikana siku ya balaa. Siku nyingine zote mfumo mbovu na mfumo mzima hufungua mafaili sawasawa. Paa bovu halivuji kiangazi. Sasa basi, siku za balaa ni chache na siku njema ni tele, na sisi tutapima kwenye siku zilizo tele. Uweke mfumo wako, sikilizia muziki, andikia barua, kisha baada ya muda tangaza: "Nautumia, sijaona tatizo." Sentensi hiyo ina uzito wa ajabu. Hakuna atakayekuuliza hilo tatizo ulilitafuta wapi.

2. Anza na kasi, ishia hapo.

Nakili filamu moja kubwa, tazama namba inavyokimbia kwenye skrini, ipige picha, watumie marafiki. Usiulize kama filamu yenyewe imefika kwenye diski. Linux huipokea data kwenye RAM, hukuambia tayari, kisha huipeleka diskini kwa wakati wake. Programu inayotaka uhakika sharti iite fsync na ingoje jibu, na kungoja huko kunaharibu namba yako nzuri.

Mtu akikutajia kisa cha ext4, geuza mazungumzo. Mwanzoni mwa 2009, miezi michache tu tangu ext4 itangazwe kuwa imekomaa katika Linux 2.6.28, watu waliokuwa wakijaribu Ubuntu 9.04 walianza kukuta kitu cha ajabu. Kompyuta ikiganda na kuwashwa upya, baadhi ya mafaili yao yalikuwepo kwa majina, ndani yana baiti sifuri. Ext3, mfumo uliotangulia, ulikuwa na desturi ya kupeleka mambo diskini kila sekunde 5, na programu nyingi zikajizoesha kuitegemea desturi hiyo bila kuita fsync. Ext4 ikachelewesha kuitengea data nafasi ili ipate kasi, na muda wa hatari ukarefuka. Theodore Ts'o, msimamizi wake, alieleza kwamba mfumo ulifuata kanuni za POSIX na wenye programu ndio waliokosea, halafu akaongeza marekebisho ya kuzikinga programu hizohizo. Kanuni ilifuatwa, na mafaili yalikuwa matupu. Wewe chukua nusu ya kwanza ya maelezo yake, nusu ya pili waachie wenye mafaili.

3. Lebo itumie upande unaokufaa.

Ikisomeka kuwa mfumo ni wa majaribio, eleza kwamba watengenezaji wote ni waoga wanaojikinga na lawama. Ikiondolewa, sema "si unaona?" Kwa mazoezi haya hakuna mfumo unaoishinda Btrfs. Chris Mason aliuanzisha akiwa Oracle mwaka 2007, ukaingia kwenye kerneli ya Linux 2.6.29 mwaka 2009, na lebo ya majaribio ikabanduliwa 2013. Mwaka huohuo wa 2013 uliongezewa RAID 5 na RAID 6, yaani uwezo wa kuitawanya data kwenye diski kadhaa pamoja na hesabu ya ziada ya kuirudishia diski moja ikifa. Sehemu hiyo nyaraka za Btrfs zenyewe bado zinaonya isitumike kwenye kazi halisi, ni ya kujaribia tu. Kwa hiyo ndani ya mfumo mmoja kuna vyumba vya kulala na kuna chumba kisichoingiwa. Mtu makini angeuliza: imara katika lipi? Swali hilo ni refu mno kwa maisha ya leo. Sema "Btrfs ni imara" au "Btrfs ni takataka", kulingana na unayebishana naye.

Akitokea mzee wa seva, wale wasiobadilisha kitu tangu enzi za Kibaki na Mkapa, akakuambia mfumo wa zamani ndio salama, mtolee utafiti. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walichapisha uchambuzi wa mabadiliko 5,079 yaliyofanywa kwenye mifumo 6 ya mafaili ya Linux katika miaka 8. Karibu asilimia 40 yalikuwa ya kuziba makosa, na makosa hayakuisha hata kwenye mifumo iliyokwisha kukomaa. Hapo mmalize: "Yote ina makosa, kwa hiyo yote ni sawa." Kisha ondoka haraka, kabla hajauliza ni makosa ya aina gani, na nani huyaona kwanza, mtengenezaji au mwenye data.

4. Chagua mashahidi wako.

Wapo wa kila upande, huna haja ya kuhangaika. Ukitaka Btrfs ionekane nzuri, sema SUSE waliifanya mfumo wa kawaida wa toleo lao la 12 la makampuni mwaka 2014, Fedora wakafuata kwenye toleo la 33 mwaka 2020, na Facebook wanaitumia kwenye seva zao. Ukitaka ionekane mbaya, sema Red Hat walitangaza kuiacha mwaka 2017 na kwenye RHEL 8, toleo lao la makampuni, haikuwemo. Kila sentensi hapo ni kweli. Ufundi uko katika kutozitamka zote kikao kimoja.

Shahidi akiwa kampuni kubwa, usichunguze anaishije. Facebook wana wahandisi wanaoandika huo mfumo wenyewe, na seva yao moja ikifa kazi yake hubebwa na nyingine. Wewe una kompyuta moja ya mapajani yenye picha za harusi ya dada yako. Tofauti hiyo isikusumbue.

5. Hukumu kwa ugomvi.

Hii ndiyo njia tamu kuliko zote kwa sababu haihitaji hata kompyuta. Chukua bcachefs ya Kent Overstreet, mfumo alioutangaza mwaka 2015, wenye kaulimbiu inayoahidi kwamba hautakula data yako. Iliingia kwenye Linux 6.7 Januari 2024, ikiwa na lebo ya majaribio. Muda si muda yeye na Linus Torvalds, mkuu wa kerneli, wakawa hawapikiki chungu kimoja. Overstreet alikuwa akipeleka mabadiliko makubwa katika wiki ambazo kerneli hupokea marekebisho ya makosa tu, akitetea kwamba watumiaji wenye data iliyo hatarini hawawezi kungoja; Torvalds akashikilia utaratibu. Mwaka 2025, kwenye Linux 6.17, mfumo uliandikwa kuwa unatunzwa nje ya kerneli, na kwenye 6.18 ukaondolewa kabisa. Sasa hupatikana kama moduli ya pembeni.

Soma barua zote za mgogoro huo, zinasisimua. Chagua upande. Ukimpenda Overstreet, mfumo ni imara. Ukimpenda Torvalds, ni mbovu. Faili lako litakuwaje umeme ukikatika, hilo hutalikuta humo. Jambo moja la maana limo, nalo halina msisimko: moduli ya pembeni inabidi ijengwe upya kila kerneli inapobadilika, na siku ikigoma kujengwa, diski yako haitafunguka mpaka mtu airekebishe. Liruke hilo, urudi kwenye matusi.

6. Linda kompyuta na giza.

Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri. Kipimo halisi ni kuchomoa waya mfumo ukiwa unaandika, kuwasha tena na kuhesabu kilichosalia. Kisha unachomoa tena, na tena, kila safari katika nukta tofauti, kwa kuwa kosa hujificha kati ya maandishi mawili yaliyopaswa kufika pamoja na moja likatangulia. Kwetu Afrika Mashariki kipimo hiki hutolewa bure, mara nyingi jioni, bila mtu kukiomba. Nunua UPS mapema ili matokeo yasije yakakufikia kwa bahati mbaya.

Jihadhari zaidi na wale wanaoweza kuuzima umeme bila kuuzima. Ndani ya Linux kuna dm-log-writes, inayorekodi kila andiko lililokwenda diskini, ukaweza kurudi nyuma hadi nukta yoyote na kuona diski ingekuwaje kama giza lingeingia pale. Kuna dm-flakey, inayoifanya diski nzima ijifanye mgonjwa kwa vipindi. Kuna xfstests, rundo la mamia ya majaribio lililoanzia kampuni ya SGI kwa ajili ya mfumo wake wa XFS, ambalo leo watengenezaji wa ext4, Btrfs na wengine hulitumia. Vyote ni bure, kwa hiyo hata kisingizio cha bei huna. Ndiyo maana ni heri usivijue. Kama umeshavijua kwa sababu yangu, niwie radhi.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin walichapisha matokeo ya kifaa walichokiita CrashMonkey. Wazo lao lilikuwa la kukera kwa urahisi wake: chukua mfumo mtupu, fanya vitendo viwili vitatu vya kawaida, kama kuunda faili na kulibadilisha jina, uangushe, utazame. Wakapata makosa mapya 10 katika mifumo iliyokomaa ya Linux, 7 kati yake yakiwa yamekaa ndani ya kerneli tangu 2014. Wakapata kosa hata kwenye FSCQ, mfumo wa MIT ambao usahihi wake ulithibitishwa kwa hisabati. Uthibitisho haukuwa na kasoro; kosa lilikuwa kwenye sehemu ambayo hisabati haikuigusa. Unaona hatari ya kupima? Kazi ya vitendo vitatu inaweza kukuharibia imani ya miaka mingi.

Na diski usiiguse kabisa, hasa ile ya mtumba. Zipo diski zinazoambiwa "andika sasa hivi", zikajibu "nimeandika", kumbe data bado iko kwenye kumbukumbu yao ya ndani. Ukiipima yako ukaikuta haidanganyi, utashindwa kuilaumu, na lawama hiyo tutaihitaji baadaye.

7. Usiijaze diski.

Mifumo ya aina hii haiandiki juu ya data ya zamani, huandika pembeni kisha hubadilisha kielekezi. Maana yake hata kufuta faili kunahitaji nafasi kidogo. Miaka ya mwanzo ya Btrfs kulikuwa na watu walioambiwa diski imejaa, wakataka kufuta kitu, wakaambiwa haiwezekani, diski imejaa. Wewe jaribia diski ikiwa na nafasi tele, halafu endelea kuitumia mpaka ijae.

8. Kosa likijitokeza, bonyeza tena.

Ushauri huu una historia ya heshima. Mwaka 2018 wenye hifadhidata ya PostgreSQL waligundua kwamba kwenye Linux, fsync ikishindwa, kerneli ilitoa taarifa ya kosa halafu ikazihesabu kurasa zilizoshindwa kuandikwa kuwa safi. Programu ikiita fsync mara ya pili, ilijibiwa kuwa mambo yamefaulu. Data haikufika popote, ila jibu lilikuwa zuri. PostgreSQL wakachukia, wakaamua programu yao isimame papo hapo fsync ikishindwa na ijijenge upya kutoka kwenye kumbukumbu zake. Watu wagumu. Wewe bonyeza tena.

9. Lala ukiwa umekumbatia cheksamu.

Mifumo ya kisasa huweka cheksamu ya kila kipande cha data, yaani hesabu fupi ya kukagulia, ili kikisomwa ijulikane kama kimebadilika. Jambo zuri sana, na kwa ajili yetu lina faida ya ziada: linamfanya mtu aache kufikiri. Sema "kuna cheksamu" kwa sauti tulivu, na hoja itaisha.

Asiwepo tu mtu wa ZFS. Mfumo huo ulizaliwa Sun Microsystems, ukafunguliwa kwa umma mwaka 2005, na hata wapinzani wake huupa heshima. Novemba 2023, muda mfupi baada ya OpenZFS 2.2.0 kutoka, ilionekana kwamba mafaili yaliyonakiliwa yalikuwa na sehemu zilizogeuka sifuri. Watu wakadhani ni ule uwezo mpya wa kunakili kwa kushiriki vipande, ukazimwa kwenye 2.2.1. Kumbe kosa lenyewe lilikuwa la miaka mingi nyuma, na uwezo mpya uliongeza tu uwezekano wa kulikuta. Katika nukta fulani fupi, faili lililotoka kuandikwa lilionekana kuwa na shimo mahali penye data, na programu ya kunakili ikaliamini shimo. Likatengenezwa kwenye 2.2.2 na 2.1.14. Cheksamu nazo? Zote zilikuwa sahihi, kwa sababu zilihesabiwa juu ya sifuri zilezile zilizoandikwa. Cheksamu hushuhudia kwamba kilichoandikwa ndicho kinachosomwa. Kama kilistahili kuandikwa, haijui. Ulichonacho mkononi ni mfumo mchanga, wenye watumiaji wachache kuliko ZFS, na hilo ndilo linalokupa amani: wachache ndio watakaolalamika.

10. Bakapu iweke palepale.

Mfumo unapiga picha za diski kila saa, basi ziite bakapu. Ziko kwenye diski ileile, chini ya mfumo uleule, na kosa litakaloula mfumo litazila nazo, lakini orodha yake inapendeza kuitazama. Ukilazimika kuwa na nakala ya nje, usijaribu kamwe kuirudisha. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa haijawahi kushindwa. Ukiwa ofisini, anza na kompyuta ya mhasibu. Watu wa hesabu hutunza karatasi.

11. Siku yenyewe ikifika.

Utaijua. Kompyuta itawaka, itasita, kisha itakuonyesha mistari ya Kiingereza ambayo hujawahi kuiona. Usiizime ukatulia. Usitafute diski nyingine ukainakili hii kwanza, kipande kwa kipande, kabla ya kujaribu tiba yoyote. Hivyo ndivyo hufanya watu wanaopata data zao. Usiufungue mfumo kwa kusoma tu ukaokoa kinachookoka. Usimwandikie mtengenezaji ukimpa toleo la kerneli na mistari ile kama ilivyo, maana ukifanya hivyo utakuwa umeshiriki kuufanya mfumo uwe imara, na hilo halikuwa kusudi letu.

Nenda moja kwa moja kwenye amri ya kukarabati. Kwenye Btrfs ni btrfs check --repair. Itakuonya usiitumie mpaka uwe umeshauriwa na mtengenezaji au mtu mwenye uzoefu, maana inaweza kuongeza uharibifu, kisha itahesabu sekunde 10 kabla ya kuanza. Sekunde hizo zimewekwa ili ubadili mawazo. Zitumie kutunga ujumbe wa kuwaambia watu kwamba kosa ni la diski.